Mkoba wa Shombo

Mwanangu Twahir,

Salamu za leo umekwisha kuzipata, na dua zangu unazijua, kwa hivyo hapa sitazirudia. Nikianza kuomba sitaacha, na karatasi yenyewe ni ile ninayokatia mikono ya nguo, haitanitosha. Umekwenda Kisauni kumuaga mamako mdogo Zuhura, umesema utarudi baada ya isha. Mimi nimekaa hapa kwenye cherehani tangu alasiri. Sanduku lako liko wazi nyuma yangu, na nguo zako nimezikunja na kuzikunjua hata nimejionea haya.

Habari za kula, kulala na kuweka pasipoti mahali pa salama siziandiki. Wewe ndiye uliyekuwa ukinikumbusha mimi vidonge vya presha, sasa nikufundishe nini? Nataka kukuandikia habari ya mbwa.

Cheka tu. Mwanamke aliyekuwa akipiga kelele mtaa mzima wa Bofu usikie, eti mbwa amepita karibu na ndoo yake ya maji, leo anakaa kumwandika mbwa barua nzima. Lakini Shombo hajala tangu jana asubuhi, wewe kesho alfajiri unavuka feri kwenda uwanja wa ndege, unakwenda Uarabuni miaka miwili, na atakayebaki naye ni mimi. Kwangu hali kitu. Sijui nitafanya nini, Twahir. Jambo lenyewe ni hilo, nimelitanguliza ili usije ukadhani nazungukazunguka.

Nianze siku uliyomleta, kwa sababu kosa langu lilianza siku hiyo hiyo.

Marehemu babako alikuwa hajamaliza mwaka. Wezi waliruka ua wa mabati wakabeba mashine yangu ya kufumia pindo pamoja na nguo za Idd za watu. Ukaenda kwa Mzee Mutua, jirani yetu wa nyuma, yule mtu wa Machakos aliyefanya kazi ya askari wa mbwa kwenye maghala ya Changamwe mpaka magoti yakamwisha. Ukarudi na katoni ya mafuta ya kupikia, ndani yake kitu kinalia. Kilinuka kama mahali pa kuparia samaki. Nikakwambia, "Mtoe huyo na shombo lake!" Basi nikawa nimempa jina bila kujua, na jina likamganda.

Nilikubali akae kwa masharti. La kwanza, asivuke kizingiti. La pili ndilo lililonifikisha hapa. Mbwa wa Mzee Mutua alikuwa ametupiwa pande la nyama yenye sumu, akafa kwa kujinyonganyonga mbele ya macho yetu, nami nikaogopa.

"Huyu mfundishe asile cha mtu," nilikwambia. "Asile cha yeyote ila chako."

"Hata chako, mama?"

"Changu ndio kabisa! Mimi sitaki ulimi wake unifike."

Ukaitika, "Naam, mama," kwa ile sauti yako ya mtu anayecheka ndani.

Na kweli ulimfundisha. Wakumbuka tulivyofanya? Mimi ndiye nilikuwa mwizi. Nilikusanya buibui langu mkono mmoja, mkono wa pili nimeshika koleo la makaa lina kipande cha nyama, nanyoosha huku nimefumba macho. Shombo akija kunusa, wewe kimya. Akigeuza kichwa, unasema "Vyema!" na hapo hapo unamtilia ini mdomoni. Nyama ya mwizi akiikataa, anapata nzuri zaidi kwako. Siku nyingi tulifanya hivyo, na sitakuficha kitu, niliufurahia mchezo ule. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kukusikia ukicheka mpaka ukakaa chini. Nikawa natoka na koleo hata bila kuitwa. Kila nilipokataliwa nilijiona nimefaulu.

Halafu mkoba. Mkoba huo, baba, ndio kazi yangu ninayojivunia kuliko hata nguo za maharusi, na ndio huo huo nilioharibu.

Kwanza ulikuwa ukitia maini kwenye mfuko wa suruali. Siku moja nafua, natia mkono, natoa kitu laini kimejaa sisimizi. Nilipiga yowe majirani wakaja. Kesho yake tukaenda Kongowea, kule kwa mitumba, tutafute mkoba wa kiunoni. Tulichagua mchana kutwa kama watu wanaonunua dhahabu. Wa kwanza ulikuwa wa zipu, ule wa wauza mboga. Ukawa unakuchelewesha. Shombo amekaa, wewe bado wahangaika na zipu, na ikifunguka yeye ameshasimama. Mzee Mutua akasema, "Sasa wewe unamlipa kusimama." Ukaja ule wa kufunga kwa kunata. Ukiufungua unasema chwaa, na Shombo akisikia chwaa, hata akiwa nyuma ya tangi la maji, anaacha lake anakuja mbio. Ulifurahi sana. Mzee Mutua hakufurahi.

"Hii mbwa inatii mfuko," alisema. "Haikutii wewe. Siku umeacha mfuko nyumbani, huna mbwa."

Ndipo nikakwambia niletee kipande cha turubai la lori. Nje nikashona turubai, ndani nikatia bitana ya koti la mvua la babako, bitana yenyewe ya vifungo, yachomoka ikapanguswa mafuta. Mdomoni nikapitisha waya wa hanga ili ukae wazi wenyewe, usipige kelele, na juu kifuniko cha kuangukia tu. Mkanda nikaufanya mpana usikukate ukikimbia. Wewe ndiye uliyesema ukae nyuma ya nyonga, maana ukikaa mbele mbwa atatembea akiutazama mkoba, hatazami njia. Nikakuuliza, "Mkono waingia bila kuangalia?" Ukatia, ukatoa, ukatia tena. "Waingia, mama." Hukusema zaidi ya hapo, nami sikuhitaji zaidi.

Na vya kutia ndani navyo tulivitafuta, si haba. Biskuti zilimeng'enyeka, Shombo akawa analamba chini na somo amelisahau. Dagaa walinukisha nyumba nzima, tena wana chumvi, akanywa maji siku nzima. Soseji zikaharibika kwa joto. Mimi na ujuzi wangu nikakupa mishkaki iliyobaki ya Idd, na vitunguu vyake na viungo vyake, akaugua tukadhani ndio basi. Mzee Mutua alinigombeza kana kwamba mimi mtoto wake, akanieleza kwamba kitunguu kwa mbwa ni sumu. Mwisho tukashika maini, yamechemshwa bila chumvi, yamekatwa madogo kama kunde, yamekaushwa juu ya jiko mpaka hayachafui mkono. Madogo ili atamani la pili. Laini ili ameze upesi akutazame tena. Nikakutengea kisu na ubao, nikavifunga utepe mwekundu visichanganyike na vya kwangu, na tangu hapo nimekukatia maini ya mbwa kila wiki huku nasema mbwa simtaki.

Kuna jambo moja Mzee Mutua alilisema siku hizo, na sijui kama wewe ulilisikia maana ulikuwa kule mbali umeshika kamba ya mbwa. Nilimuuliza kwa nini ulificha ini mpaka mbwa amalize kutii. Mimi ningemwonyesha kwanza, aje haraka. Akasema, "Hapana, Mama Twahir. Ukionyesha kwanza, hiyo ni hongo. Kesho ataangalia mkono kwanza. Akiona mtupu, anaenda zake. Wewe ngoja afanye, halafu mpe saa ile ile. Ukichelewa pia ni bure, hajui unamlipa nini."

Neno hilo lilinichoma. Nilikufikiria wewe mdogo. Sikuwahi kukupeleka chuo cha Kurani bila kukuonyesha visheti kwanza. Ukilia, visheti. Ukikataa kuoga, visheti. Nikakuzoesha kuangalia mkono. Leo wakala wa kazi za Uarabuni amekuonyesha mkono uliojaa kuliko wangu, na mimi ndiye wa kulalamika? Sisemi unakwenda kwa tamaa. Nasema nikitaka kukukasirikia najikuta nimesimama mwenyewe njiani.

Na lile la kuchelewa ndilo baya zaidi. Sifa zako, Twahir, nilizipeleka kwa watu. Zuhura anazijua zote. Wateja wangu, wakija kupimwa, wanajua jinsi ulivyofaulu, jinsi matajiri wa Nyali wanavyokutafuta uwafundishie mbwa wao. Wewe mwenyewe ukiingia ndani nakwambia, "Haya, kachote maji." Ndivyo nilivyolelewa, kwamba mtoto hasifiwi usoni akapata kiburi. Wakati wa zile nguo za Idd zilizoibwa, nilipozishona upya zote na umeme umekatika, wewe ndiye ulinishikia tochi. Mkono ukichoka unaihamishia mkono wa pili. Asubuhi ukaenda shule. Mimi nikakuuliza tu kama umefunga mlango.

Vyema, mwanangu. Nimechelewa miaka, najua. Nimeliandika hivyo hivyo.

Wakala alipokuja na karatasi zake, nilikuwa nataka kusema usiende. Nilikuwa nimejiandaa kabisa. Nikaketi, nikampa kahawa, na nilipofungua mdomo nikauliza mbwa wa huko wanakula nini.

"Huko wapewa mpira, mama," ukaniambia.

"Mpira wa nini?"

"Wa kuchezea. Mbwa akinusa mzigo akapata wanachokitafuta, warushiwa mpira."

"Hawapewi hata ini?"

"La. Mpira tu."

Nikawahurumia mbwa wa watu nisiowajua, nikasema nenda baba, Mungu akufungulie. Maneno niliyoyapanga yote yakabaki kifuani, na bado yako huko. Hata sasa sijui kama yangefaa kitu. Vijana wote wa mtaa huu wanakwenda, na mimi siwezi kukupa kazi kwa kukutazama tu.

Wiki iliyopita ulipokwenda Nairobi kupimwa afya, tukajua. Shombo alilala langoni, sahani mbele yake, hakugusa. Nilimwekea maini yale yale niliyoyakata mimi, kwenye sahani ile ile. Akanitazama, akageuza kichwa. Mzee Mutua naye alijaribu, akaambulia patupu. Ulipoingia na begi lako begani alikula mpaka akakohoa.

Ndipo mkapanga ninyi wawili, wewe na Mzee Mutua. Uache kumlisha, njaa imlete kwangu, na mkoba nivae mimi. Jana asubuhi ukaufungua kiunoni mwako ukanipa. Nakumbuka ulivyosema: "Mama, huu kwa Shombo ndio mimi." Kisha ukatoka kwenda kuchukua tikiti.

Sasa mimi ninaambiwa nivae mkoba uliokaa na mbwa miaka yote hiyo, uliotiwa mikono yenye mate yake, nami nina wudhu wangu na sala zangu. Hukuniambia nisiuoshe, wala mimi sikuuliza. Wallahi sikufikiri hata kidogo, mikono ilikwenda yenyewe. Nikauosha mara saba, moja kwa udongo, kama inavyotakiwa. Nikatia na sabuni ya unga. Nikauanika juani. Ulipokauka ulikuwa mweupe vizuri, na mshono wangu ukaonekana tena, nikaona raha. Basi kwa kuwa chetezo kilikuwa na kaa bado, na mimi sijawahi kumvika mtu wa nyumba hii kitu nilichokishona bila kukifukiza, nikaufukiza udi.

Ulipoingia ulisimama mlangoni. "Mama, umeutia udi?"

"Kidogo tu."

Ukakaa kizingitini ukajifunika uso. Mabega yakawa yanatikisika, nikajua unacheka, nami nikaanza kucheka. Kisha nikaona hayaachi kutikisika. Uliponyanyua uso ukasema, "Si kitu, mama." Bora ungenigombeza. Hiyo "si kitu" yako nimeisikia usiku kucha.

Shombo aliunusa mkoba mara moja, akapiga chafya, akaenda nyuma ya tangi. Mzee Mutua alikuwa ameegemea ua. Akatikisa kichwa pole pole. "Mama Twahir," alisema, "hapa umeosha mpaka kijana mwenyewe."

Leo mchana ulipotoka nilijaribu tena peke yangu. Nilichemsha maini mapya. Nikavua bangili, nikanawa mikono kwa maji matupu, bila sabuni wala mafuta ya nazi. Nikakaa kwenye kigoda uani, karibu naye kuliko siku yoyote ya maisha yangu, nikanyoosha mkono bila koleo. Shombo akasogea. Akanusa. Mbavu zake zaonekana, Twahir, na mate yalikuwa yanamdondoka. Kisha akageuza kichwa.

Si hilo lililonivunja. Lililonivunja ni kwamba baada ya kugeuza kichwa alitazama mlangoni, masikio juu, mkia unapiga chini. Alikuwa anakungoja wewe utoke useme "Vyema!" Alikuwa anangoja tuzo yake kwa kunikataa. Hakukosea chochote, masikini wa Mungu. Anafanya nilichotaka, tena anakifanya vizuri, na hapana mtu wa kumwambia kwamba mwizi yule ndiye mwenye nyumba. Nikaingia ndani nikachukua karatasi nianze barua hii, nikiwa sina hata moja la kukuambia la kufaa.

*

Niliiacha kidogo, nimeswali magharibi. Naandika tena.

Baada ya sala nilitoka uani kuanua nguo. Kile kibakuli cha maini kilikuwa bado kwenye kigoda. Nitakueleza kama ilivyokuwa, ingawa si jambo la kujisifia. Nilikasirika. Sijui nilimkasirikia nani, wakala, wewe, mimi, mbwa. Nilichukua kipande nikakitupa huko, nikasema, "Basi ufe!" Kikaanguka mlangoni, juu ya makubadhi yako ya zamani, yale ya ngozi uliyosema utayatia sandukuni mwisho.

Shombo alikwenda. Hakukifuata kipande, alifuata kubadhi. Alitia pua mahali pa kisigino, palipobonyea mguu wako, akakaa hapo muda mrefu anavuta pumzi. Akalala, kidevu juu ya ngozi. Mimi nimesimama na nguo mkononi, siwezi hata kukohoa. Halafu bila kunyanyua kichwa akatoa ulimi, akakiokota kile kipande akakila.

Nikaweka nguo chini. Nikaweka kipande kingine juu ya kubadhi. Akala. Kingine, akala. Nikasema, "Vyema," lakini sauti ilitoka mbaya, akanitazama bila kuelewa. Nikakaa kwenye kizingiti, nikatia kipande kwenye kiganja cha kushoto, nikakilaza kiganja juu ya kubadhi lako. Nilifumba macho kama siku za koleo.

Ulimi wake ni wa moto. Sikujua. Miaka yote hii sikujua kama ni wa moto.

Amekula kibakuli kizima kwa mtindo huo, baba. Nikiondoa mkono juu ya kubadhi nikamnyooshea hivi hivi, anageuza kichwa. Nikiurudisha, anakula. Nimempa kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ndio huu unaokuandikia. Ule wa kushoto nimeuweka kando ya meza, mbali na karatasi yako. Ndoo ya maji iko tayari na udongo nimekwisha kuuchota, na isha haiko mbali. Bado sijauosha.

Nilimwita Mzee Mutua juu ya ua nikamweleza. Alifurahi, akasema sasa taratibu mkono wangu utazoeleka. Nikamuuliza harufu ya ngozi itakaa muda gani. Akakuna kichwa. "Hiyo haikai, mama. Inaenda polepole. Wewe omba mbwa akuzoee mbele yake." Kwa hivyo sijui. Huenda nikawahi, huenda nisiwahi. Wewe utakuwa huko na mipira yao, wamekupa mkoba wao, sijui nani ameushona, na mimi hapa nashindana na kiatu. Siwezi kukuzuia na siwezi kukufuata. Ningeweza kusema nimeridhika, lakini ungejua nadanganya, maana unanijua.

Naomba mawili tu. Makubadhi hayo usiyatie sandukuni. Yaache pale pale mlangoni, yalivyokaa, hata lile la kushoto lililopinduka.

Na ukipata mtu anayekuja nyumbani, nitumie shati ulilolivaa kazini. Usilifue. Zuhura akiniuliza nitamwambia ni la mbwa.

Mamako.